Rejeta ya Pijo

Ukiuliza Itetemia, nje kidogo ya Tabora, watakwambia Mzee Gerson ana wake wawili. Wa kwanza ni Recheli, aliyefunga naye ndoa kwa Wamoraviani mbele ya watu na mashahidi. Wa pili ni Pijo, pikapu ya rangi ya maziwa iliyokaa juu ya mawe kando ya nyumba. Haina tairi, haina betri, na giaboksi yake ilishakufa zamani. Anayebisha kwamba huyo wa pili si mke na aende pale Jumamosi asubuhi akaone anavyotunzwa. Mzee anachukua kitambaa laini, anafuta vioo, anafuta taa, anafungua boneti, anapuliza vumbi, anafunga taratibu. Halafu anaingia ndani, anashika usukani, anakaa. Hafanyi kitu kingine. Anakaa tu, na ukipita na kumwamkia anakuitikia "marahaba" akiwa ameangalia mbele, barabarani, ambako hakuna barabara bali banda la kuku.

Msimcheke. Ile Pijo ina deni lake, na si deni la pesa.

Gerson alipokwenda Bukene kumposa Recheli alikuwa dereva kijana, anaendesha lori la chama cha wafuga nyuki, anabeba asali na nta kutoka Sikonge kuja Tabora. Baba yake Recheli alikuwa mtu wa maneno. Akamtazama huyu kijana aliyeshuka kwenye treni na viatu vyake vya kuazima, akasema, "Dereva! Gari lako liko wapi? Binti yangu ataondoka hapa kwa treni, na nikikutazama vizuri naona atarudi kwa miguu." Watu wakaangua kicheko. Gerson kwa hasira za ujana akajibu mbele ya wazee wote, "Atarudi kwa gari langu mwenyewe, amekaa kiti cha mbele, na honi mtaisikia tangu stesheni."

Maneno hayo ameishi nayo maisha yake yote. Gari la chama si lako, huwezi kuligeuza ukalipeleka ukweni. Alipostaafu chama kikamwachia ile Pijo, maana ilikuwa imeshachoka na yeye ameshachoka, wakaona wachukuane. Akaendesha masika moja tu. Leo kampelekea huyu mgonjwa, kesho kamletea yule mabati, Bukene tutakwenda wiki ijayo kwa njia ya Mambali, Bukene tutakwenda mvua ikikatika. Mvua ilipokatika, giaboksi nayo ikakatika. Na giaboksi ya gari la umri ule, bwana wee, uitafute wapi? Hata hivyo Mzee alikuwa hajakata tamaa. Ndiyo maana kila Jumamosi anafuta vioo.

Recheli alimwacha na Pijo yake, kwa sababu naye alikuwa na chuma chake. Ana mashine ya kusaga. Injini ni ya dizeli, silinda moja, ina gurudumu zito unalolizungusha kwa hendeli mpaka ukohoe, halafu injini nayo ikohoe, mkaelewana. Waya wa umeme wa kuendesha mota kubwa haujafika upande ule, kwa hiyo wanawake wa kote huko wanamtegemea yeye. Na injini ile inapoozwa kwa maji ya pipa. Maji yanashuka kwa bomba, yanaingia injini, yanatoka yanachemka, yanarudi pipani yanafuka moshi. Ikifika saa sita mchana pipa zima ni chai. Usipoongeza maji ya baridi, injini inanoki, vyuma vinashikana kwa joto, na ikinoki ndiyo basi tena.

Sasa desturi ya pale, tangu mashine ilipowekwa, ni kwamba anayekuja kusaga anakuja na vitu viwili: mahindi kichwani na ndoo ya maji mkononi. Ndoo ya mashine, wanaiita hivyo. Huna ndoo, husagi. Wakati wa mvua hakuna anayeona uzito. Lakini njoo Oktoba, visima vimekauka, unachota kwa kata, unasubiri maji yatoke tena kwenye tope, unachota tena. Hapo ndipo ndoo ya mashine inapokuwa ndoo kweli.

Oktoba hiyo akaja Maua. Maua ni Mzaramo, aliolewa Tabora na bado hajanyamaza tangu ashuke kwenye treni. Akaweka debe lake la mahindi chini.

"Shikamoo Mama Shukrani."

"Marahaba Maua. Ndoo iko wapi?"

"Ndoo nimewaachia watoto wanywe. Leo nimekuletea mahindi na mate yangu, kama yatafaa."

Recheli akacheka. Kisha akamtazama Maua midomo, ilivyopasuka, akaacha kucheka. Akamsagia. Lakini pipa lilikuwa limeshachemka, na debe la Maua halijaisha injini ikaanza kugonga, mlio ule mbaya wa chuma kinacholalamika. Recheli akaruka akaizima. Akabaki amekaa juu ya gunia, unga mpaka kwenye kope.

Jioni wakati wa kula akasema, "Baba Shukrani, Jumamosi nikimaliza nafunga mashine mpaka mvua ije. Siwezi kumnyang'anya mtoto wa mwenzangu maji ya kunywa nikanywesha chuma."

Gerson alikuwa na tonge mdomoni. Alijua kufunga maana yake nini. Wanawake watajitwika mahindi mpaka mjini na kurudi, kwa jua lile. Na Recheli bila mashine yake atakuwa mgonjwa. Huyu ni mwanamke ambaye akikosa mlio ule hata usingizi haupati. Na jambo jingine alilolijua, alilijua kabla hajameza lile tonge. Gari nalo lina injini, nayo inachemka, lakini nani aliona dereva akiomba ndoo kwa kila abiria? Maji ya gari ni yale yale, yanazunguka. Wotapampu inayasukuma, rejeta inayapooza, feni inapuliza. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokosekana kwenye mashine ya Recheli. Na vyote vitatu vilikuwa hapo nje, chini ya boneti ya Pijo, vizima, vimefutwa vumbi.

"Nitakwenda kwa Nibizi," akasema. "Kwenye vyuma vyake chakavu sikosi rejeta."

Recheli akatazama dirishani, upande ule ilikokaa Pijo. Akammiminia mumewe maji ya kunawa, kidogo, kwa kipimo cha Oktoba.

Nibizi ni fundi wa kuchomelea, mtoto wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi, na heshima yake utadhani amelelewa na maaskofu. Lakini heshima haikumzuia kushangaa.

"Mzee, unatafuta rejeta kwangu na kwako ipo?"

"Ile ina kazi."

"Kazi gani, mzee wangu?"

"Ina safari."

Nibizi akameza swali lililofuata. Akachimbua kwenye lundo, akatoa rejeta ya lori, imeoza huku na huku, ukiiinua juani unaona mwanga. "Hii ndiyo iliyopo. Lakini inataka kulehemiwa vizuri. Niachie mpaka Jumatatu, mzee. Mimi nakwenda Ulyankulu, dada yangu anabatizisha mtoto."

Jumatatu? Recheli anafunga Jumamosi! Gerson akaibeba rejeta yake kwa baiskeli, akarudi nayo nyumbani, na njiani akapata wazo. Na wazo lenyewe, jamani, ni la mtu aliyekulia kwenye asali. Maana huko Sikonge pipa la asali likivuja unafanyaje? Unafinyanga nta ya nyuki, unabandika, unasugua kwa kidole gumba, kwisha. Yeye mwenyewe alishaziba mapipa mangapi barabarani kwa namna hiyo! Nyumbani alikuwa na donge la nta kubwa. Akakaa kivulini akaziba matundu yote, moja moja, kwa raha, anapiga mluzi wa tenzi za kanisani.

"Nta na moto, Baba Shukrani?" Recheli akauliza.

"Wewe ni mtu wa Bukene. Mambo ya nta tuachie sisi."

Basi akaitundika ile rejeta juu ya injini, akaunga mipira ya kupitisha maji, akafunga klipu. Feni hana, wotapampu hana, akasema maji yakipata moto yatapanda yenyewe na yakipoa yatashuka yenyewe. Jumamosi asubuhi wanawake wamejaa kusaga kwa mara ya mwisho, kila mmoja na ndoo yake, na Mzee Gerson amesimama mbele yao kifua mbele. "Ndoo zenu wekeni pembeni," akawaambia. "Leo hazitakiwi."

Mwanzoni ikaenda vizuri. Mahindi yanamiminwa, unga unatoka, Mzee anapokea pongezi. Halafu pakaanza harufu. Harufu nzuri, tusiseme uongo, harufu ya mzinga uliofunguliwa. Nta ikaanza kulainika, ikaanza kutoa machozi, ikadondoka juu ya injini ya moto, na harufu ikatoka nje kwa moshi ikaenda zake porini kuita watu wake.

Na nyuki wa Oktoba wana kiu, hawana maua, hawana subira. Wakaja. Kwanza mmoja, akazunguka rejeta kama anayekagua nyumba ya kupanga. Kisha wenzake wote.

Uwii! Debe huku, ungo kule, khanga zimeachwa mlangoni. Wanawake wazima wakapita dirishani. Recheli akajifunika khanga kichwani, akarudi ndani akazima injini, akatoka na jicho moja limeshaanza kufunga. Na kutoka nyuma ya banda la kuku ikasikika sauti ya Maua, anakimbia huku anapiga kelele, "Jamani Wanyamwezi! Hata ukiwapa injini, wao lazima watundike mzinga!"

Gerson akawafukuza nyuki kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, kazi hiyo anaijua. Lakini nta ilikuwa imeshaingia kwenye mabomba, na rejeta inavuja kila mahali. Pipa likarudishwa, wanawake wakamalizia kusaga kwa ndoo zao, wakaaga. Recheli akaning'iniza kufuli mlangoni.

Mchana huo Mzee Gerson aliingia kwenye Pijo akakaa. Safari hii hakutazama mbele. Alitazama kiti cha pembeni, kile cha abiria, ambacho alikifunika mkeka ili jua lisikipasue. Hakuwahi kumpakia Recheli hapo. Ile masika moja kiti kilikaliwa na wagonjwa, na mchungaji, na mara moja mbuzi, lakini Recheli alikataa, alisema atakaa siku ya Bukene. Baba mkwe alishakufa. Aliyekuwa anasubiri honi hayupo. Yeye anamfutia nani vioo?

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Recheli hakuingia, alisimama, jicho limevimba limekuwa kitumbua.

"Mama Shukrani," Gerson akasema, "nikiing'oa rejeta, gari hili halitakwenda Bukene."

"Najua."

"Namaanisha halitakwenda kabisa."

"Baba Shukrani, mimi nimejua tangu giaboksi ilipokufa. Nilikuwa nakusubiri wewe ujue."

Mzee akageuka kumtazama. "Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa unaondoka nyumbani kila Jumamosi na hufiki mbali, chakula kikiiva nakuita. Wangapi wana waume wa namna hiyo?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Na usinifanye malaika. Kile kiti nilikitaka. Bukene nimekwenda kwa treni kumzika baba, nimekwenda kwa treni kumzika mama. Nilitaka nami nifike siku moja nimekaa mbele, mkono dirishani. Nilikitaka sana."

Gerson akashuka, akazunguka gari. Akamshika mkono, na mkono ulikuwa na unga.

Jumatatu Nibizi akaja na spana zake na mtungi wake wa gesi. Kabla hajagusa boneti, akatokea Maua. Amejipaka majivu usoni, khanga ameivaa kichwa chini miguu juu, na bila salamu akajitupa chali mbele ya bampa ya Pijo.

"Uwiii! Pijo wetu! Pijo umetuacha! Umekufa hujafika Bukene! Nani atatupigia honi stesheni!"

Nibizi akarudi nyuma, ameshika spana, macho yamemtoka. Hakujua ashike wapi. Lakini wenyeji walielewa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipokezana mizigo ya pembe na shanga kwenye njia ile ndefu ya kwenda pwani, na mtani kazi yake msibani ni hiyo: kulala kwenye jeneza, kumwigiza marehemu, kuzuia maziko mpaka wafiwa watoe kitu. Mtani hakasirikiwi. Hata akitonesha penye donda, na Bukene ndipo penyewe, hukasiriki.

Watu wakamtazama Mzee Gerson. Uso wake ulikuwa umekaza. Kisha mdomo ukaanza kumcheza, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na hapo ndipo machozi yalipotoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko. Akalia. Mzee mzima, analilia gari, mbele ya watu, na hakuna aliyeona ajabu kwa sababu msiba ulikuwa umeshatangazwa.

"Wafiwa toeni kitu," Maua akasema akiwa chali, jicho moja amelifumbua. "Marehemu hatoki hapa."

Recheli akaingia ndani akatoka na bakuli la unga wa dona, wa mwisho aliosaga. Maua akalipokea, akajifuta majivu, akamwinua Mzee Gerson kwa mikono yake miwili. "Pole, mtani wangu," akamwambia kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Sasa zika."

Boneti akaifungua Mzee mwenyewe. Rejeta ikatoka nzima, wotapampu ikatoka, feni ikatoka na mkanda wake. Nibizi akakata bamba la chuma, akalichomelea nyuma ya wotapampu, pale palipobaki wazi, na kulitia bomba la kuingilia maji na bomba la kutokea. Gerson akapima puli, akavuta mkanda kutoka kwenye gurudumu la injini, akaupinda kwa kidole kuona umekaza sawasawa. Mipira ya rejeta ile ile, klipu zile zile. Geji ya moto wa maji akaing'oa kwenye dashibodi akaipigilia ukutani kwenye kibao, akaiunga kwenye betri ya sola ya nyumbani. Hakuna nta. Recheli aliuliza, kwa makusudi, akaambiwa hakuna.

Wakazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikashika, na feni ya Pijo ikaanza kuvuma. Gerson akaitegea sikio. Ule mvumo aliujua, hakuwa ameusikia tangu ile masika. Mshale wa geji ukapanda, ukapanda, ukafika katikati, ukatulia hapo. Wakamimina debe baada ya debe. Saa sita ikapita. Mshale hapo hapo.

Siku zilizofuata wanawake waliendelea kuja na ndoo zao, mazoea yana taabu. Wanafika, wanatua mahindi, wananyoosha ndoo kama kawaida. "Rudi nayo, mama, kapikie," Recheli anawaambia, na wao hawaamini, wanachungulia rejeta, wanachungulia geji, kisha wanaondoka na unga kichwani na maji mkononi. Bibi mmoja alisimama barabarani, akaitazama ndoo yake, akanywa pale pale.

Pijo ilibaki juu ya mawe, mdomo wazi. Jumamosi ikafika, na Mzee Gerson hakuchukua kitambaa. Alichukua spana. Alifanya kazi yake asubuhi yote peke yake, na Recheli alipotoka kumwita kula hakumkuta kwenye gari. Alimkuta mashineni. Mbele ya ile geji, pale lilipokuwa gunia la kukalia, Mzee alikuwa amefunga kwa nati nne kile kiti cha mbele, cha abiria, amekitoa mkeka. Kilikuwa kama kipya. Hakikuwa na hata mkwaruzo, ukiacha alama ya meno ya yule mbuzi.

"Kaa," akasema.

Recheli akajifuta mikono kwenye khanga, mbele na nyuma, akakaa. Akasogea kidogo. Akaegemea. Upande wa kushoto palikuwa na dirisha la banda, akaweka mkono juu yake. Injini inavuma, feni inavuma, mshale katikati. Hakukuwa na pipa la kuangalia, wala ndoo ya kudai, wala mlio wa kuogopa. Mwanamke huyu hakuwa ameegemea kitu mashine ikiwa inakwenda tangu siku aliyoinunua.

"Baba Shukrani."

"Naam."

"Tukifika Bukene uniamshe."

Akafumba macho, na baada ya muda mfupi alikuwa amelala kweli, mdomo wazi, unga kwenye kope. Gerson akaja kusimama pembeni yake, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, macho kwenye geji. Ndivyo Maua alivyowakuta alipoingia na debe lake, na kabla hajafungua kinywa chake kipana Mzee akamwinulia kidole.

"Sauti chini, mtani," akamnong'oneza. "Bado hatujafika hata Mambali."